Unamwambia Nani? Muyaka bin Haji na Waliompokea

Utangulizi

Uchambuzi wa ushairi wa Kiswahili umejishughulisha zaidi na mambo mawili: arudhi na maudhui. Tumehesabu mizani, tumezipanga bahari kwa majina yake, tumevipima vina vya kati na vya mwisho. Na tulipochoka na hayo tukageukia ujumbe, falsafa na msimamo wa mtunzi. Liko jambo la tatu ambalo tumelipita kimya, nalo kwa maoni yangu ndilo linaloutia ushairi uhai kutoka kizazi hadi kizazi. Jambo hilo ni namna mtu anavyompata mtunzi aliyemtangulia, akampenda, na mapenzi hayo yakamsukuma naye atunge.

Makala haya yanalitazama jambo hilo kwa kupitia habari za mtunzi mmoja, Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa, anayekisiwa kuwa aliishi baina ya mwaka 1776 na 1840. Hoja yangu ni fupi. Nashikilia kwamba katika mapokeo yetu mtunzi hapatikani kwa kusomwa peke yake; hupatikana kikamilifu pale anapojibiwa. Ikiwa hoja hiyo ni ya kweli, basi namna tunavyomfundisha Muyaka vyuoni na shuleni leo yaweza kuwa ndiyo inayomzuia mwanafunzi asimpate.

Kukutana kwa sikio

Msomaji ataniwia radhi nikianza na habari zangu mwenyewe. Mimi ni mtu wa bara. Kiswahili nilikipata shuleni, na ushairi niliujua kama jambo la mtihani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nilipelekwa Mombasa kufundisha, nikapanga chumba Mji wa Kale, karibu na baraza ambayo wazee waliizoea baada ya sala ya alasiri. Siku moja palizuka ubishi wa deni. Mdai alikuwa akipaza sauti, na mdaiwa akizidi kuapa. Mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote akatamka mstari mmoja tu, wenye kina katikati na kina mwishoni. Watu wakaangua kicheko, mdai akacheka pia, na shauri likaahirishwa.

Nilimuuliza jirani yangu maneno yale yalikuwa ya nani. Akanijibu, "Ya Muyaka." Nikauliza Muyaka anakaa mtaa gani, maana nilitaka kumjua mtu mwenye maneno kama hayo. Kicheko kilichofuata kilishinda kile cha kwanza. Sikujua kwamba mtu niliyetaka kumtembelea alikuwa amelala kaburini zaidi ya miaka mia moja na thelathini.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu kosa langu lilikuwa na ukweli ndani yake. Wazee wa barazani walimtaja Muyaka kama mtu anavyomtaja jirani. Mstari wake haukuwa kumbukumbu ya kale. Ulikuwa chombo cha kazi, ukatumika pale ulipohitajika, na kazi ikafanyika. Miezi kadhaa baadaye nilipopata nafasi ya kuifungua diwani yake katika maktaba ya chuo, niliukuta mstari ule ukiwa umekaa katika ubeti wake pamoja na ndugu zake watatu. Furaha niliyoipata siku hiyo sijaisahau. Hata hivyo nilihisi pia upungufu ambao wakati huo sikuweza kuueleza. Kitabuni mstari ulikuwa kamili, lakini ulikuwa umenyamaza.

Mtunzi wa majibizano

Upungufu huo unaelezeka tukiutazama wakati wa Muyaka mwenyewe. Mombasa ya siku zake ilikuwa chini ya Mazrui, ambao asili yao walikuwa maliwali wa Oman, kisha wakajitawala wenyewe. Mji ulikuwa na maadui wengi na wasiwasi mwingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 watu wa Mombasa pamoja na wenzao wa Pate walipigana na Lamu huko Shela, wakashindwa, na Lamu ikajiweka chini ya himaya ya Oman. Mwaka 1824 bendera ya Waingereza ilipandishwa Mombasa, ikateremshwa mwaka 1826. Hatimaye, mwaka 1837, Seyyid Said aliutia mji mkononi mwake, na utawala wa Mazrui ukakoma. Muyaka aliyaona yote hayo. Alikuwa upande wa Mazrui, na ulimi wake ulikuwa miongoni mwa silaha zao.

Kabla yake, tungo nyingi ndefu zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa tenzi za dini, sira na mawaidha. Wataalamu wamezoea kusema kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hiyo imetumika mno hata imechakaa, na yumkini inawadhulumu watunzi wa kidunia waliomtangulia ambao tungo zao hazikuandikwa. Lakini inatuonyesha jambo muhimu: shairi lake la mishororo minne, lenye mizani kumi na sita katika kila mshororo, lilikuwa kauli inayoelekezwa kwa mtu. Alimwambia adui aliyeko Lamu, rafiki aliyemgeuka, mwanamke aliyempenda, au mji mzima uliokuwa ukisubiri aseme nini. Na aliyeambiwa alijibu. Katika mgogoro wa Mombasa na Lamu, beti zilivuka bahari kwenda na kurudi, na upande wa Lamu ulikuwa na wajuzi wake, miongoni mwao Zahidi Mgumi. Majibizano hayo yalikusanywa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kitabu kilichotolewa mwaka 1995. Ayasomaye kwa mfululizo huona wazi kwamba ubeti mmoja ukiondolewa, ule unaofuata hupungukiwa na maana.

Kwa hiyo shairi la Muyaka lilizaliwa likiwa nusu ya mazungumzo. Aliyelihifadhi bila kuhifadhi tukio lake, na bila kujua lilielekezwa kwa nani, alihifadhi jibu akapoteza swali.

Mwalimu Sikujua

Muyaka hakuacha diwani iliyopangwa. Alipofariki, sehemu kubwa ya tungo zake ilibaki vichwani mwa watu. Kwamba leo tunazo, shukrani kubwa ni za mtu ambaye jina lake halitajwi inavyostahili, yaani Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni na mtunzi wa Mombasa.

Katika miaka ya 1880 alikuwapo Mombasa mmisionari Mwingereza, William Ernest Taylor (1856–1927), wa Church Missionary Society. Taylor alikipenda Kiswahili cha Mombasa kuliko wageni wengi wa wakati wake, na mkusanyo wake wa methali uliotolewa mwaka 1891 ungali na manufaa. Taylor alikuwa na hamu, karatasi na njia ya kuzipeleka kazi hizo mbali. Lakini hakuwa na kumbukumbu ya mji. Kumbukumbu hiyo alikuwa nayo Sikujua. Yeye ndiye aliyezikusanya tungo, akaziandika kwa hati za Kiarabu, na kuzitilia maelezo ya maneno na matukio.

Tusiichukulie kazi hiyo kuwa ya ukarani. Hati za Kiarabu, kama zilivyotumiwa pwani zamani, hazikuwa na herufi mahsusi kwa kila sauti ya Kiswahili. Herufi moja iliweza kusimama mahali pa b na mahali pa p. Alama moja ya irabu ilibeba e na i, nyingine o na u. Neno lililoandikwa hivyo laweza kusomwa "pata" au "bata", na anayeamua ni msomaji. Katika barua ya biashara muktadha humwongoza. Katika shairi lenye mafumbo, ambapo mtunzi amekusudia neno moja libebe maana mbili, msomaji asiyelijua shairi tangu awali hupotea. Kwa maneno mengine, maandishi yale yalimtegemea mtu aliyekwisha kulisikia shairi. Kalamu ilikuwa msaidizi wa sikio.

Hapa ndipo tunapoiona hali tunayoichunguza. Sikujua alimpata Muyaka kwa kusikia, akampenda, naye mwenyewe akawa mtunzi. Ni mtunzi aliyejua mahali pumzi inapokatwa, na ni mtunzi aliyejua neno lipi halikuingia kwa sababu ya kina tu. Lau kazi ile ingefanywa na mtu asiyetunga, tungepokea maneno. Tulichopokea ni mashairi. Swali linaloniumiza ni hili: ni watunzi wangapi wa Mvita, wa Pemba, wa Mrima na wa visiwa vya kaskazini waliokosa Sikujua wao? Ni wanawake wangapi waliotunga uani, tungo zao zikafa pamoja na masikio yaliyozisikia? Utendi wa Mwana Kupona, unaotajwa kuwa wa mwaka 1858, unatuonyesha kimo walichokifikia. Hautuonyeshi idadi yao.

Kitabu na ukimya wake

Karatasi za Taylor zilihifadhiwa London, katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika. Kutokana nazo William Hichens aliitayarisha Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, ikachapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1940. Hebu tuipime safari hiyo. Tungo zilizotungwa Mombasa ziliandikwa Mombasa, zikahifadhiwa London, zikapigwa chapa Johannesburg, kisha zikarudi Afrika Mashariki kama kitabu cha maktaba, takriban miaka mia moja baada ya mtunzi kufariki. Simlaumu yeyote katika mnyororo huo. Bila wao mtu wa bara kama mimi asingemsoma Muyaka. Lakini safari ndefu hupunguza mzigo. Kilichopungua zaidi ni tukio: nani aliambiwa, siku gani, na akajibu nini.

Ndiyo maana kitabu cha Mohamed Hassan Abdulaziz, kilichotolewa na Kenya Literature Bureau mwaka 1979, kilikuwa zaidi ya toleo jipya. Abdulaziz, aliyekuwa mwalimu wa isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliziweka tungo ndani ya historia ya Mombasa na akaeleza lugha na mazingira yake. Alifanya kwa wakati wetu kazi iliyofanywa na Sikujua kwa wakati wake: aliturudishia swali, nasi tukalielewa jibu.

Unamwambia nani?

Narudi sasa kwa yule mwalimu kijana wa bara. Baada ya kuisoma diwani nilishikwa na homa ya kutunga. Kwa majuma mengi sikufanya jambo jingine jioni. Nilitunga beti kumi na mbili za kuisifu Mombasa. Mizani ilikuwa sawasawa. Vina vilipangika kama matofali. Zaidi ya hayo, nilizijaza maneno ya Kimvita niliyoyachuma kitabuni. Macho niliyaita "mato", ingawa tangu kuzaliwa sikuwahi kulitumia neno hilo nikinunua hata samaki.

Nilimpelekea yule mzee wa barazani. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kwa adabu iliyonitia matumaini. Kisha akauliza, "Haya, mwalimu, unamwambia nani?" Nikasema, "Mzee, simwambii mtu. Ni shairi." Akatikisa kichwa, akanimiminia kahawa, akaanza kuzungumza habari za mvua.

Nilichukia. Ilinichukua muda kutambua kwamba swali lile lilikuwa uhakiki mkubwa kuliko wowote niliokuwa nimeusoma. Nilikuwa nimeiga sauti ya Muyaka bila kuwa na jambo la kusema wala mtu wa kuambiwa. Mapenzi yangu kwake yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa mapenzi ya mtu anayevaa kanzu ya baba yake ili afanane naye. Muyaka hakutunga ili afanane na Muyaka.

Mwaka uliofuata mwalimu mwenzangu alinishutumu mbele ya watu kwamba nimekuja pwani kujifanya Mswahili. Usiku ule nilimjibu kwa beti tatu, kwa Kiswahili nilichokijua mimi, bila "mato" hata moja. Beti zile zilikuwa na kasoro, na kina kimoja hadi leo kinanitia haya. Lakini zilisomwa barazani, na siku ya pili yule mzee akanitumia ubeti mmoja wa kunipinga, akimtetea mshitaki wangu. Nilifurahi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu ya kuandika, kwa kuwa nilikuwa nimepingwa kwa vina. Nilikuwa nimekubaliwa.

Ndugu wawili wa Mvita

Kisa changu ni kidogo, na nimekitaja kama mlango tu. Ushahidi mzito umo katika kazi za watunzi wawili wa Mombasa, ndugu wa nyumba moja, waliompokea Muyaka kwa njia mbili tofauti.

Wa kwanza ni Ahmad Nassir Juma Bhalo. Tungo zake zilichapishwa Marekani mwaka 1966 na Chuo Kikuu cha Wisconsin, chini ya uhariri wa Lyndon Harries. Kisha mwaka 1971 ikatoka Malenga wa Mvita, diwani iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Ahmad Nassir aliupokea ufundi na hekima. Kwake shairi ni kauli ya mtu mzima mbele ya watu wanaomtazamia awape neno la kushika. Ni mafunzo juu ya utu, subira, urafiki na kauli njema. Anayeambiwa ni jamii yake, na kwa jamii hiyo Kimvita si pambo, ni lugha ya nyumbani.

Wa pili ni mdogo wake, Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa mwaka 1946. Yeye aliupokea ule upande wa Muyaka uliokabiliana na utawala. Mwaka 1968 aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi?, akakamatwa, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Gerezani hakuruhusiwa karatasi. Alitunga na kuandika juu ya karatasi za msalani. Alitoka mwaka 1972, na tungo zake zikatolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, zikapata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974.

Tuzitazame tungo hizo kwa lile swali la mzee. Mfungwa aliyetengwa anamwambia nani? Twaweza kudhani kwamba hapo ndipo mazungumzo yanapokoma na shairi kuwa kilio cha mtu mmoja. Lakini sivyo ilivyo. Miongoni mwa tungo mashuhuri za diwani hiyo ni ile ya mnazi, ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mti, kila mmoja akitoa hoja na mwenziwe akimjibu. Mtunzi aliyenyimwa mtu wa kujibizana naye aliwaumba wawili wajibizane. Umbo la kale la majibizano, lile lililovuka baina ya Mombasa na Lamu, lilimfaa katika chumba kisichokuwa na mwenzi, nalo likabeba swali la nchi nzima: nani alipanda, nani alitunza, na nani ana haki ya kula. Hatuhitaji kusaka mstari ulionakiliwa ili tuthibitishe kwamba hapa Muyaka amepokewa. Kilichopokewa si mstari. Ni imani kwamba shairi ni kauli ya mtu kwa mtu, na kwamba hata mwenye nguvu hana budi kujibiwa.

Tunaona basi kwamba mtangulizi mmoja amezaa warithi wawili wasiofanana, na hakuna hata mmoja anayefanana naye. Hiyo ndiyo hoja ya kuwajibu wale waliohofia, wakati wa mabishano ya miaka ya 1970 juu ya ushairi wa mapokeo na ushairi huru, kwamba mapenzi kwa watunzi wa kale humfanya kijana awe kasuku. Kasuku hurudia, na mrithi hujibu. Tena wako waliojibu kwa kuvunja kanuni zenyewe. Euphrase Kezilahabi, aliyeitoa Kichomi mwaka 1974, aliacha vina na mizani, akajibiwa kwa ukali, naye akatetewa kwa ukali. Mabishano yale yenyewe, pamoja na uchungu wake wote, yalikuwa majibizano, na ushairi wetu ulinufaika nayo.

Hitimisho

Tumeanza na swali la namna mtunzi anavyompata mtangulizi wake, na historia ya Muyaka imetuonyesha hatua tatu: kumsikia, kumfafanua, kumjibu. Wazee wa barazani walimsikia. Sikujua, na baadaye Abdulaziz, walimfafanua. Ahmad Nassir na Abdilatif, kila mmoja kwa njia yake, walimjibu. Palipokosekana hatua ya kwanza, maandishi yalipoteza sauti; palipokosekana ya pili, sauti ilipoteza maana; na pasipo ya tatu, vyote viwili huwa mali ya maktaba.

Katika mafunzo yetu aghalabu tunaanzia hatua ya pili na kuishia hapo hapo. Mwanafunzi hupewa ubeti, akatakiwa ataje bahari, ahesabu mizani, aeleze dhamira, kisha afungue ukurasa mwingine. Hajausikia ukighanwa, wala hajaambiwa ulielekezwa kwa nani. Na hakuna anayemwomba ajibu. Sidai kwamba arudhi isifundishwe. Asiyeijua hawezi kujibu kwa vina, wala hawezi kuvikataa vina kwa sababu. Nadai tu kwamba kila funzo la shairi liishie kwa mwanafunzi kuandika ubeti wake, wa kukubali au kupinga, na ubeti huo usomwe mbele ya wenzake. Magazeti yetu yalilijua jambo hili zamani. Tangu Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, hadi kurasa za mashairi za Taifa Leo, watunzi wengi walijifunza kwa kupingana hadharani, na mhariri hakuwauliza vyeti.

Yule mzee alifariki miaka mingi iliyopita, na beti zake, kadiri nijuavyo, hazikuchapishwa. Ninao ule mmoja tu alionitumia, kwa sababu ulinikasirisha kidogo na nikataka kuujibu. Jibu langu lilichelewa, na alipofariki lilikuwa bado mfukoni. Kila nisomapo mapendekezo ya mitaala hulikumbuka swali lake, nami nawaachia wenzangu wa taaluma walitie mizanini: mwanafunzi wetu, tunapompa Muyaka, tunampa amwambie nani?